Kulindana na Kuchungana: Uhakiki wa Istilahi za Ulinzi wa Jirani katika Afrika ya Mashariki

Utangulizi

Ulinzi wa mtaa na kijiji ni jambo la zamani kuliko polisi. Kabla ya kuwako kituo, sare na pingu, walikuwako watu waliokesha, na yowe lililopigwa na mmoja lilikuwa deni kwa wote waliolisikia. Jambo jipya ni kwamba katika miaka sitini hivi iliyopita ulinzi huo umepewa majina na vyama, serikali na wafadhili, na majina hayo aghalabu ni ya Kiswahili, hata pale ambapo sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza. Mgambo, balozi wa nyumba kumi, sungusungu, polisi jamii, ulinzi shirikishi na Nyumba Kumi ni istilahi zilizozuka nyakati mbalimbali. Baadhi yake zimevuka mipaka na kuingia katika lugha nyingine za eneo hili.

Programu zenyewe zimejadiliwa sana na wataalamu wa sheria na wa siasa. Makala haya yanakusudia kuzitazama kwa upande wa lugha. Hoja inayoongoza ni hii: kila istilahi ya ulinzi hujibu, au hukwepa kujibu, maswali matatu, yaani nani analinda, nani analindwa, na nani atawajibika mambo yakiharibika. Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kuyajibu maswali hayo, hasa kwa njia ya mnyambuliko wa vitenzi. Hata hivyo, istilahi rasmi zimeuacha uwezo huo kando. Zimependelea nomino ya hesabu, nomino mbili zilizobandikwa pamoja, au kauli ya kutendesha, na zimeikwepa kauli ya kutendana, ambayo ndiyo kiini cha ujirani. Pengo hilo si la kisarufi tu, kwani mahali pasipotajwa mtenda hapapatikani wa kuulizwa.

Mgambo: Kutoka Wito hadi Mtu

Inafaa kuanza na neno mgambo, kwa kuwa historia yake inaonekana waziwazi. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, mgambo ulikuwa tangazo la hadhara, na mbiu ya mgambo ilikuwa pembe iliyopulizwa ili watu wakusanyike wasikie neno. Methali ingali hai: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika matumizi hayo mgambo si mtu bali ni wito, nao ulimhusu kila mwenye masikio. Aliyeupiga na walioitikia walikuwa wa mji mmoja, na jambo lililotangazwa lilikuwa lao wote.

Tanzania ilipohitaji jina la kuwaita wananchi waliofunzwa ulinzi huku wakiendelea na kazi zao za kila siku, ililichukua neno hilo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa baada ya uvamizi wa Guinea wa Novemba 1970 na mapinduzi ya Uganda ya Januari 1971, ulisisitiza kwamba ulinzi wa taifa ni kazi ya umma mzima, na mafunzo ya mgambo yakaenea vijijini na viwandani. Uteuzi wa neno ulikuwa wa busara, kwa sababu ulibeba maana ya wito usiombagua mtu. Lakini matumizi hayakubaki hapo. Leo katika miji ya Tanzania mtu akisema kwamba mgambo wanakuja, msikilizaji hafikirii tangazo. Anafikiria wachuuzi wanaokusanya bidhaa zao haraka ili wakimbie.

Mabadiliko haya yamesajiliwa na upatanisho wa kisarufi. Zamani ilisemwa mgambo umelia, na leo husemwa mgambo amekuja. Neno limehama kutoka ngeli ya vitu hadi ngeli ya watu, na kile kilichokuwa kikiwaita watu kimekuwa mtu anayewatawanya. Kutokana na mfano huu hapana budi kukiri jambo moja tangu mwanzo: jina jema haliwezi peke yake kuzuia matendo mabaya. Hata hivyo, jina huhifadhi ushahidi wa kilichotendeka, na mhakiki wa lugha anaweza kuusoma ushahidi huo.

Sungusungu: Jina Moja, Hukumu Mbili

Istilahi ya pili haikutoka kwa chama wala kwa serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Unyamwezi na Usukuma, hasa sehemu za Kahama, wanavijiji walijiundia vikundi vya ulinzi. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, silaha zilikuwa zimeenea baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na watu waliona kwamba mwizi akikamatwa leo huachiliwa kesho. Walichukua pinde na mishale, wakakesha, wakafuata nyayo za mifugo iliyoibwa, na mara nyingi wakairudisha.

Vikundi hivyo vilijulikana kwa majina mawili. La kwanza ni sungusungu, yaani wadudu weusi wakubwa, jamii ya siafu, waumao vikali. La pili ni basalama, neno lenye kiambishi cha watu cha Kisukuma na Kinyamwezi kilichoongezwa kwenye shina salama, kwa maana ya watu wa amani. Majina haya mawili yanaelekea pande mbili. Basalama linataja lengo, yaani hali wanayotaka kuileta. Sungusungu linataja njia, nayo ni kuuma kwa wingi. Ni la pili lililoenea nchini, likaingia magazetini na katika hotuba.

Istiari ya mdudu ina sifa yake. Inasifu umoja wa wanyonge: mdudu mmoja hupondwa kwa kidole, lakini kundi lao humkimbiza hata ndovu. Ila istiari hiyohiyo ina upungufu usiotajwa mara nyingi. Mdudu katika kundi hana sura wala jina. Aliyeumwa hawezi kusema ni yupi aliyemwuma. Katika vijiji vile adhabu zilianzia kwenye faini na kutengwa, ambako aliyehukumiwa hakusalimiwa wala kusaidiwa na jirani, zikafika kwenye vipigo na hata mauaji ya watuhumiwa, na wanawake wazee walionekana kuwa wachawi hawakusalimika. Kiongozi wa kikundi aliitwa ntemi, cheo ambacho Tanganyika ilikuwa imekwisha kukifuta kisheria mwaka 1963. Lugha ilirudisha kwa mlango wa nyuma mamlaka ambayo sheria ilikuwa imeyatoa kwa mlango wa mbele, na iliyarudisha pasipo mipaka iliyoandikwa.

Mwalimu Nyerere aliwatetea wanavijiji hao, na mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili vikundi vya aina hiyo vipate kutambuliwa. Jina likavuka mpaka na kufika Gusii. Huko mwisho wake ulikuwa tofauti: katika orodha ya vikundi vilivyopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2010, Sungusungu ni mojawapo, na katika orodha hiyohiyo mna kikundi kiitwacho Siafu. Wadudu wawili wa jamii moja walikutana katika tangazo moja la serikali. Neno lililokuwa halali upande mmoja wa mpaka likawa hatia upande wa pili. Hili lisistaajabishe. Jina sungusungu linaeleza jinsi kikundi kinavyoshambulia, wala halielezi ni nani aliyekiteua, kwa kanuni gani, na nani anaweza kukisimamisha. Jina la namna hiyo laweza kuvaliwa na walinzi na wauaji bila kuhitaji kushonwa upya.

Nyumba Kumi: Hesabu Isiyohesabu

Katikati ya miaka ya 1960 TANU iliunda mashina ya nyumba kumi kumi. Kila shina lilikuwa na kiongozi aliyeitwa mjumbe au balozi. Vyeo hivi viwili vinastahili kutazamwa. Mjumbe ni mtu aliyetumwa na ujumbe, na balozi ni mtu anayeusemea upande wake mbele ya upande mwingine. Yote mawili hayana maana kamili hadi ijulikane nani amemtuma na ametumwa kwa nani. Balozi wa nyumba kumi alikuwa balozi wa nyumba hizo mbele ya chama, au balozi wa chama ndani ya nyumba hizo? Kihusishi cha -a unganifu hakiamui. Chaweza kuonyesha anayewakilishwa, na chaweza kuonyesha mahali pa kazi tu. Utata huo ulidumu kwa sababu uliwafaa wote: mwananchi alipata mtu wa kumpelekea shida yake, na chama kikapata jicho mlangoni. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992 jibu lilidhihirika. Shughuli za utawala zilibaki kwa mwenyekiti wa mtaa na wa kitongoji, na balozi akabaki kuwa mtu wa chama.

Kenya ililichukua jina hilo baada ya shambulio la Westgate la tarehe 21 Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa. Serikali ya Rais Uhuru Kenyatta iliamua kuuanzisha utaratibu wa Nyumba Kumi, na Joseph Kaguthi, aliyekuwa zamani mkuu wa mkoa, akapewa jukumu la kuusimamia. Jambo la kuangaliwa kwa makini ni kilichochukuliwa na kilichoachwa. Kenya ilichukua nyumba na hesabu yake, ikaacha balozi na mjumbe. Kwa hiyo jina lilifika likiwa limekatwa kichwa. Nyumba kumi ni majengo na idadi. Ndani ya istilahi hii hamna mtu, hamna tendo, wala hamna wajibu.

Hata hesabu yenyewe haihesabu. Maelezo ya serikali yalikiri kwamba kumi si lazima ziwe kumi: kundi laweza kuwa ghorofa, ua, mtaa, manyatta au soko. Uamuzi huo ulikuwa wa lazima, kwa kuwa nyumba ya Pipeline jijini Nairobi, yenye ghorofa saba na milango mingi katika kila ghorofa, si nyumba ya kijijini Taveta. Lakini baada ya kukiri hivyo, istilahi ilibaki na nini? Nyumba si nyumba na kumi si kumi. Jina limekuwa nembo, na maana yake haipatikani ndani ya maneno yake tena.

Wasemaji wa kawaida wameliona pengo hilo wakajaribu kuliziba. Wamesema mzee wa Nyumba Kumi, au wakafupisha wakasema kwamba Nyumba Kumi amekuja, kwa upatanisho wa mtu. Jambo hilohilo lilitokea katika lugha jirani na likaenda mbali zaidi. Uganda ilikuwa na mayumba kumi baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979. Katika mji wa Goma, nchini Kongo, nyumba kumi ni ngazi ya utawala wa mtaa. Katika Rwanda na Burundi maneno mawili ya Kiswahili yaliungana kuwa neno moja, nyumbakumi, nalo si nyumba tena bali ni mtu anayezisimamia. Wasemaji wa lugha hizo walihitaji jina la mtu, na kwa kuwa hawakupewa, waliligeuza jengo likawa mtu.

Hapo ndipo uzito wa suala hili unapoonekana. Nchini Rwanda, mwaka 1994, nyumbakumi alikuwa katika ngazi ya chini kabisa ya utawala. Alijua nani analala wapi, nani amefika jana, na nani amejificha. Doria za usiku, zilizoitwa irondo, zilikuwa zimeanzishwa kwa jina la usalama. Katika mauaji ya kimbari ujuzi huo na doria hizo vilitumiwa kuwasaka Watutsi na kuwaua. Si kwamba jina liliua, wala si kwamba kila mwenye cheo hicho alishiriki. Ila mfano huu unaonyesha kwamba kumjua jirani si ulinzi. Kumjua ni chombo tu, na chombo hicho hakina upande. Istilahi inayotaja ukaribu wa nyumba bila kutaja wajibu wa mtu kwa mtu imeishia nusu ya njia.

Polisi Jamii na Ulinzi Shirikishi

Kundi la tatu la istilahi lilitokana na mageuzi ya polisi ya karne hii. Kenya ilizindua mpango wa polisi jamii mwaka 2005, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ikauwekea kamati na taratibu. Tanzania nayo, katika mageuzi yaliyoanza mwaka 2006 chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, ilieneza polisi jamii pamoja na ulinzi shirikishi.

Istilahi polisi jamii imeundwa kwa kuziweka nomino mbili sambamba bila kiunganishi. Muundo huu upo katika Kiswahili, nao una kanuni yake: nomino ya kwanza ndiyo kiini, na ya pili huieleza ya kwanza. Askari kanzu ni askari. Kwa kanuni hiyo polisi jamii ni polisi, na jamii ni sifa aliyopewa. Mfano wa askari kanzu unastahili kutazamwa zaidi, kwa kuwa uko katika uwanja huohuo wa maana. Askari kanzu ni askari aliyevua sare akavaa vazi la raia ili asitambulikane. Msikilizaji ambaye ana istilahi hiyo akilini hatakosea sana akifasiri polisi jamii kuwa ni polisi aliyevaa jamii. Waliolitunga jina hawakukusudia hivyo, lakini sarufi waliyoichagua inairuhusu tafsiri hiyo, na historia inaichochea. Kama ingesemwa polisi wa jamii, angalau umilikaji ungetajwa, na jamii ingekuwa na haki ya kuuliza mali yake inafanya nini.

Ulinzi shirikishi una tatizo la aina nyingine. Shina ni shiriki. Kutokana nalo twapata shirikisha, kauli ya kutendesha, na kutokana na shirikisha kikaundwa kivumishi shirikishi. Kauli ya kutendesha daima ina watu wawili: anayesababisha tendo na anayefanywa alitende. Mwalimu humsomesha mwanafunzi, na tabibu humnywesha mgonjwa dawa. Basi katika ulinzi shirikishi yuko anayeshirikisha na yuko anayeshirikishwa, na hakuna msomaji anayehitaji kuambiwa yupi ni polisi na yupi ni mwananchi. Mwananchi ameingizwa katika ulinzi wa mlango wake mwenyewe kama mgeni mwalikwa. Kauli ya kutendana, yaani kushirikiana, ilikuwako na inajulikana na kila mtoto. Watunzi wa istilahi hawakuihitaji, pengine kwa kuwa haikueleza walichokuwa wakikifanya.

Raia, Mshukiwa na Mwizi

Istilahi za mpango haziwezi kutenganishwa na maneno yanayoizunguka shughuli yenyewe. La kwanza ni raia. Jeshi la Polisi la Tanzania lina kaulimbiu Usalama wa Raia, na polisi wa Kenya wana Utumishi kwa Wote. Neno raia lilitoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kundi la wanyama lililo chini ya mchungaji, na baadaye watu walio chini ya mtawala. Kweli, asili ya neno si maana yake ya leo. Lakini katika usemi wa kila siku wa kituoni, raia bado ni yule asiye askari, na mara nyingi yule anayeamrishwa. Kinyume chake ni mwananchi, neno linalompa mtu nchi yake.

La pili ni tendo la kutoa habari, ambalo ndilo mpango mzima hulitegemea. Kiswahili kina maneno mengi kwa tendo hili, na mengi yake ni ya lawama: kuchongea, kufitini, kudukiza, umbeya. Yale yasiyo na lawama ni machache, kama vile kushuhudia na kuonya. Wengi wa wahamasishaji wa Nyumba Kumi hulalamika kwamba wananchi hawasemi. Huenda wanasahau kwamba lugha ina kumbukumbu. Katika Kenya, wakati wa Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960, watu walipangwa mstari mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, naye kwa kutikisa kichwa tu aliamua nani apelekwe kizuizini. Wagikuyu walimwita gakunia, yaani kigunia. Tofauti kati ya shahidi na gakunia ni moja: shahidi ana uso, naye anaweza kuulizwa. Mpango wowote unaoomba habari za siri bila kueleza habari hizo zitapimwaje unamwomba mwananchi avae gunia, na kusita kwake ni busara iliyorithiwa.

La tatu ni jina la anayetuhumiwa. Kenya husema mshukiwa, Tanzania husema mtuhumiwa. Yote mawili ni ya kauli ya kutendwa, nayo yanakumbusha kwamba yuko mtu aliyeshuku au aliyetuhumu, ambaye anaweza kuwa amekosea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 50, inamhesabu mtu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Lakini katika mikutano ya hadhara na katika mabango ya programu hizi neno litumikalo sana ni mhalifu, na usiku barabarani ni mwizi. Mhalifu na mwizi ni nomino za mtenda: aliyehalifu, aliyeiba. Hukumu imekwisha kutolewa na kiambishi kabla ya hakimu kuamka. Watu waliouawa kwa mawe na matairi ya moto katika miji ya eneo hili wengi wao waliuawa baada ya neno moja kupigwa kwa sauti kubwa. Ndiyo maana uchaguzi wa maneno katika mafunzo ya walinzi wa mtaa si pambo la lugha.

Kauli ya Kutendana

Sasa yafaa kulitazama pengo lililotajwa mwanzoni. Kauli ya kutendana hudai kwamba kila mshiriki awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Watu wakisaidiana, kila mmoja anasaidia na kusaidiwa. Kipimo hiki ni kigumu, na ni rahisi kukitumia. Mkazi anapotakiwa amweleze mzee wa Nyumba Kumi habari za mgeni wake, je, naye anaweza kumwuliza mzee habari hizo zimepelekwa wapi? Mtaa unapompelekea mkuu wa kituo majina, je, mkuu wa kituo hurudi kueleza amefanya nini? Pale habari zinapopanda na majibu hayashuki, hakuna kutendana. Kuna kutendesha tu, na jina shirikishi linasema kweli kuliko lilivyokusudia.

Lakini kutendana kwenyewe hakutoshi, maana kiambishi -an- hupokea mashina mema na mabaya bila ubaguzi. Kutokana na linda twapata lindana. Kutokana na chunga twapata chungana. Mashina haya mawili hukaribiana, na mara nyingine hubadilishana nafasi, kwa sababu kuchunga pia ni kutunza. Hata hivyo iko tofauti. Katika kumlinda mtoto, hatari iko nje ya mtoto. Katika kuchunga mbuzi wasiingie shambani, au kuchunga ulimi, hatari inaweza kutoka kwa kile kinachochungwa. Kwa hiyo majirani wanaolindana wanatazama nje wakiwa wamepeana migongo, na majirani wanaochungana wanatazamana. Hapo asili ya neno raia inarudi, maana kundi la wanyama halilindani, huchungwa.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba uhalifu hauko nje tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na wezi wengi wa mtaa ni watoto wa mtaa. Pingamizi hilo ni la kweli. Hakuna mtaa unaoweza kulindana bila kuchungana kwa kiasi fulani. Ila kuna tofauti kati ya mtaa ambao kuchungana ni sehemu ya kulindana, na mtaa ambao kulindana kumekuwa kisingizio cha kuchungana. Katika wa kwanza, mama akimwona kijana wa jirani ameanza kupotoka atamwendea mzazi wake kwanza. Katika wa pili, mzazi atapata habari kituoni au mochari.

Pingamizi la pili ni kwamba mwizi hazuiwi na viambishi. Huzuiwa na taa, miguu na mbwa. Hilo nalo ni kweli, na mfano wa mgambo umekwisha kuonyesha kwamba jina haliongozi matendo moja kwa moja. Lakini istilahi ndiyo inayoandikwa katika kanuni, ndiyo inayofundishwa katika semina za wazee wa mtaa, na ndiyo inayompa mlinzi picha ya kazi yake anapotoka nyumbani saa nne za usiku. Akiambiwa kwamba yeye ni sungusungu, atauma. Akiambiwa kwamba yeye ni jicho la polisi, atapeleleza. Akiambiwa kwamba ni zamu yake, atalinda hadi zamu iishe, kisha atalala akilindwa na mwingine.

Hitimisho

Neno zamu halikuletwa na semina yoyote. Liko midomoni mwa mabaharia, wauguzi na askari, na kila mwanafunzi wa Kenya anamjua mwalimu wa zamu. Nalo linayajibu maswali yote matatu. Analinda yule ambaye zamu imemfikia. Wanalindwa waliolala, ambao ni pamoja na mlinzi wa jana na wa kesho. Na mambo yakiharibika, swali ni zamu ilikuwa ya nani, nalo ni swali ambalo jibu lake ni jina la mtu. Ndani ya neno hili kutendana kumo bila kuhitaji kiambishi.

Makala haya hayadai kwamba Nyumba Kumi ikiitwa Zamu ya Mtaa wizi utakoma. Yanadai kwamba wataalamu wa Kiswahili wana kazi katika jambo ambalo wameachiwa maofisa na wafadhili walibatize. Kamati zinazotunga miongozo ya ulinzi wa jirani zinahitaji mtu wa kuuliza maswali mepesi: kiima cha sentensi hii ni nani, yambwa ni nani, na je, sentensi inaweza kugeuzwa ikabaki kuwa kweli? Kama polisi wanaweza kuwashirikisha raia lakini raia hawawezi kuwashirikisha polisi, basi mpango huo, liwalo lote jina lake, bado haujafika kwenye kulindana.